Namba Moja, Mawifi Wawili

Apa kwanza. Sema wallahi hutamwambia mtu. Umeapa? Basi hata mimi niliapa, na mdomo unaniwasha.

Hapo zamani, simu zilipokuwa na waya, intaneti pale Tanga iliingia nyumbani kwa kupigiwa simu. Modemu inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha mtambo wa kampuni, jina lake Radius, unauliza: nani wewe, na neno lako la siri lipi? Ukijibu sawa, unakupa namba. Ukikata simu, namba anapewa mwingine. Bila namba, barua pepe hazijui zikufuate wapi.

Mwanaidi alikuwa anamwoza binti yake, na kiwanda cha khanga kilitaka maneno ya sare kabla ya adhuhuri ya Alhamisi. Ikipita, mashine zinageukia harusi ya wengine. Na kila akipiga, namba zimekwisha! Akamwendea Mbwana, fundi wa mtambo.

"Mwanangu, unataka nikaaibike ukweni?"

Mbwana akamhurumia. Akauagiza mtambo: likija jina la Mwanaidi, lipate namba hii hii, siku zote.

Kidawa, wifi yake Mwanaidi, akainusa habari hiyo. "Wifi, niazime jina lako, langu limefungwa."

Wifi ananyimwa chumvi? Mwanaidi akampa jina, akampa na neno la siri. "Ila Alhamisi asubuhi usiguse."

"Hata kidole, wifi."

Alhamisi Mwanaidi akapiga, akaingia, akatuma. Barua ikakwama. Akatuma tena. Ikakwama. Jua linapanda, jasho linamtoka. Mbwana akaja mbio kutoka ofisini.

"Mama, umo ndani mara mbili!"

"Mara mbili vipi, nami niko mmoja?"

"Watu wawili, jina moja, namba moja. Majibu hayajui yaende kwa nani."

Mwanaidi akajitanda, akatoka. Wanawake waliokuwa uani wakichagua mchele wa harusi wakamfuata, ungo mkononi. Wakasukuma mlango wa Kidawa. Huyo! Miwani puani, kidole kwenye kipanya, kioo cha kompyuta kimejaa picha za khanga.

"Nilikuwa nawatafutia sare nzuri kuliko hiyo yako!"

"Uliniahidi!"

"Nawe ulinipa! Na huyu fundi, mbona mtambo wake haukunifukuza?"

Mbwana akainamisha kichwa. "Ningeweza kuuagiza usikubali jina moja liingie mara mbili kwa pamoja. Sikudhani mtu huazima jina."

Adhuhuri ikaadhiniwa. Kidole cha Kidawa bado kiko kwenye kipanya, watu wote wanakitazama.

Je, kati ya hao watatu, nani aende kumwambia bibi harusi?