Aliyemsemesha Bibi Chausiku

Hapo zamani, na naomba nisiulizwe zamani ya lini, maana ni zamani ya juzijuzi tu, simu za mkononi zilishafika na umeme ulikuwa ukikatika kama unavyokatika sasa, palikuwa na fundi cherehani aitwaye Bi Siwema. Aliishi katika jiji kubwa la pwani, karibu na soko, pale mitaa miwili inapokutana. Nyumba yake ilikuwa na baraza yenye paa la bati, na chini ya bati hilo aliweka vitu viwili anavyovipenda duniani: cherehani yake na kiti cha mama yake.

Mama yake ni Bibi Chausiku. Enzi zake huyu alikuwa manju wa nyimbo za harusi. Hakuna biarusi aliyetolewa nje mtaani pale bila Bibi Chausiku kuanzisha wimbo na wanawake kumwitikia. Kisha kiharusi kikampata. Mkono ukarudi, mguu ukarudi, sauti haikurudi. Daktari akasema koo ni zima, ulimi ni mzima, huenda siku moja akasema. Bi Siwema akaingoja siku hiyo mwaka mzima na zaidi. Anamwuliza mama yake kama uji una sukari ya kutosha, mama anamtazama. Anamwambia fulani kaolewa, fulani kaachwa, mama anamtazama. Usiku Bi Siwema alilia, asubuhi akanawa uso akaendelea kushona, kwa sababu nguo za watu hazingoji.

Sasa wakaja hawa watu watatu, na hapa ndipo uchovu wangu unapoanzia.

Akaja Mzee Chilewa kutoka Dodoma na zeze lake. Akapiga hodi, akasalimia, akaomba kukaa ngazini. Bi Siwema akamwona hana neno, akamruhusu. Akaja Kibwana na ngoma zake, akajipanga upande wa kulia. Akaja Shukurani, kijana mwenye sauti nzuri na spika kubwa kuliko kifua chake, akajipanga upande wa kushoto. Mtu mwenye akili angedhani watu watatu wa muziki wakikutana patatoka muziki. Thubutu. Mzee Chilewa anasugua zeze, Kibwana anapiga ngoma zeze lisisikike, Shukurani anaongeza spika ngoma isisikike. Huyu ana wimbo wake, huyu ana wimbo wake, huyu naye ana wake. Wapita njia wanasimama katikati, hawajui wacheze kwa mguu upi.

Bi Siwema aliwaambia mara moja, wakasema samahani dada. Aliwaambia tena, wakasema samahani dada. Siku aliyokata kitambaa cha biarusi kwa vipimo vya shangazi yake biarusi, akaacha kuwaambia, akaanza kuwafukuza. Hawakufukuzika. Barabarani mgambo hawakumwacha mpigaji asimame hata kidogo, lakini juu ya baraza ya mtu hakuna wa kukuondoa ila mwenye baraza. Na masika yalikuwa mlangoni. Ngozi ya ngoma ikilowa hailii, spika ikilowa imekufa, zeze likilowa ni kuni. Katika jiji zima wasingepata pembe nyingine yenye bati, watu na usalama kwa pamoja. Kila mmoja alilijua hilo, ndiyo maana kila mmoja alitaka wenzake wahame.

Siku moja wote watatu wakaanza kwa pamoja, na Bi Siwema akajichoma sindano ya cherehani kidoleni. Akasimama. Akamwangalia mama yake kimya pale kitini, akawaangalia wale wenye sauti za kumwaga, na uchungu ukampanda.

"Nyinyi mna sauti za bure, na mama yangu hana hata moja," akasema. "Haya, nisikilizeni. Naweka nadhiri. Kati yenu atakayemfanya mama yangu atamke neno, hata moja, baraza hii ni yake siku zote. Mmoja tu. Na wawili watakaobaki wataondoka hapa, wasirudi."

Muuza kahawa wa ng'ambo ya barabara alisikia. Wateja wake walisikia. Nadhiri ikisikiwa na watu wa kahawa, imesikiwa na mji.

Mnadhani kelele zilipungua? Zikazidi. Kibwana akasogeza ngoma karibu na kiti. Shukurani akaelekeza spika kwa mgonjwa. Mzee Chilewa akasugua zeze mpaka uta ukatoa vumbi. Bibi Chausiku akaukunja uso na kufumba macho. Bi Siwema akajutia mdomo wake, lakini nadhiri haimezwi ikishatoka.

Ndipo mvua ikanyesha, mvua ya kumwagwa. Waliokuwa njiani wote wakakimbilia chini ya bati: wanawake watatu wanne waliotoka kununua vitu vya harusi, wapita njia, na wale wapigaji wetu watatu wamekumbatia vyombo vyao vifuani. Kwa mara ya kwanza walisimama bega kwa bega. Hapakuwa na nafasi ya nyimbo tatu. Mmoja wa wanawake wale akamwambia Shukurani, "Wewe mwenye sauti, tuimbie ile ya kumtoa biarusi, tujipashe moto."

Shukurani akaanza. Kibwana, hana la kufanya, akampigia. Mzee Chilewa akasugua chinichini. Na niseme ukweli, ulikuwa wimbo.

Sasa wimbo ule una adabu yake. Manju anafika mahali anaita, "Mwana huyu amependeza, mama mzaa yuko wapi?" Hapo ngoma inakata. Watu wote wanakaa kimya, wanangoja, mpaka mama wa biarusi mwenyewe ajibu kwa sauti yake, hata kama imekauka: "Nipo, huyu ni wangu." Mtu mwingine hamjibii. Kama amefariki, anajibu dada yake. Mwanamume hajibu kabisa. Mjini watu wameiacha adabu hiyo. Wapigaji wa barabarani wanaogopa kimya kuliko wanavyoogopa mgambo, kwa sababu ukinyamaza watu wanaondoka. Siku zote Kibwana akiupiga kivyake alipitisha ngoma mahali pale bila kukata, na Shukurani akiuimba kivyake aliimba wito na jibu mfululizo.

Siku ile Shukurani akaita, "Mama mzaa yuko wapi?" na Kibwana, kwa kuwa mvuani hakuna wa kuondoka, akakata ngoma. Ikabaki mvua juu ya bati. Shukurani akashtuka, akasahau mvua, akaona watu watamponyoka, akajijibu mwenyewe haraka haraka, "Nipo, huyu ni wangu!" Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Kibwana akasonya.

Mzee Chilewa hakucheka. Alikuwa ameteremsha zeze lake, anamtazama Bibi Chausiku shingoni, pale ambapo mshipa ulikuwa unapanda na kushuka.

"Kijana," akasema, "zima hilo lispika lako. Rudia ule wito. Ukishaita, nyamaza. Na ninyi wanangu, msicheke."

Spika ikazimwa. Shukurani akaita kwa koo lake tupu, "Mwana huyu amependeza, mama mzaa yuko wapi?" Kibwana akakata ngoma. Watu wakanyamaza. Lakini mazoea yana tabu, Shukurani akafungua tena kinywa: "Nip..."

"Nyamaza we mwanamume," ikasema sauti iliyoparuza kama mlango wa siku nyingi. "Mama mzaa ni mimi. Nipo. Siwema ni wangu."

Bi Siwema alikuwa na mkasi mkononi. Ukamwanguka. Akapiga magoti mbele ya kile kiti akaweka kichwa mapajani kwa mama yake, akalia kwa furaha mbele za watu wote, na wanawake wale wakapiga vigelegele kuliko mvua.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri. Haikuishia, kwa sababu mvua ilipopungua Kibwana akakunjua mkeka wake katikati ya baraza.

"Unafanya nini?" Bi Siwema akamwuliza, macho bado mekundu.

"Nahamia, dada yangu. Nadhiri yako imetimia kwangu. Bibi yangu mzaa mama ndiye alinifundisha kwamba pale ngoma inakata. Nisingekata, mama angejibu saa ngapi? Siku zote huyu kaimba wimbo huu, mbona mama hakusema? Kilichobadilika leo ni mkono wangu."

"Mkono gani?" akasema Shukurani. "Dada, usimsikilize. Mama alisema na nani? Alisema na mimi. 'Nyamaza we mwanamume.' Mwanamume yule ni nani kama si mimi? Kimya cha Kibwana kilikuja mara ya kwanza na mama hakusema kitu. Nilipokosea mara ya pili ndipo aliposema. Na aliyeita jina la mama mzaa ni nani? Wito wangu, kosa langu, jibu langu."

Mzee Chilewa alikuwa anafuta zeze kwa ncha ya shuka lake. "Mwanangu Siwema," akasema, "mimi sikupiga wala sikuimba. Lakini hawa wawili tangu wamefika wanaitazama barabara. Nani alimtazama mama yako? Kimya cha kwanza wamekijaza kwa kicheko. Cha pili nimekiomba mimi. Na wito wa pili nimeutaka mimi. Bila hivyo mvua ingekwisha na kila mtu angekwenda zake."

Bi Siwema akashika kiuno. "Basi kaeni wote watatu, tumalize."

"Ulisema mmoja," akasema Kibwana.

"Mmoja tu," akasema Shukurani.

Mzee Chilewa akatikisa kichwa kukubaliana nao. Naye muuza kahawa akavuka barabara na birika lake kuja kusema kwamba nadhiri hutimizwa kama ilivyotamkwa. Mtu mwenyewe hakuwa mwalimu wa dini wala hakuulizwa, ila alisema kwa sauti ya mwalimu. Hofu ikamwingia Bi Siwema. Akaona kwamba sauti ile imekuja kwa nadhiri, na nadhiri ikivunjwa, au ikipewa asiyestahili, huenda sauti ikaondoka kama ilivyokuja. Hakuogopa kulowesha mtu. Aliogopa kuamka kesho akauliza habari ya uji na kutazamwa tu.

Akamgeukia mama yake. "Mama, unajua mwenyewe. Nani kati ya hawa amekusemesha?"

Bibi Chausiku akawatazama mmoja mmoja, polepole, kama anayekagua mshono.

"Hakuna aliyenisemesha," akasema. "Nilikereka."

Muuza kahawa akaweka birika lake chini.

"Miezi yote hii nimekaa hapa nasikiliza wimbo wangu unaharibiwa," akaendelea. "Leo nikachoka. Ndiyo hivyo."

Mngedhani hapo watatu wale wangeona haya, wakafunga vyombo vyao. Kibwana ndiye aliyeanza. "Basi ni mimi, Bibi. Siku zote hizo nimepitisha ngoma mahali pa kukata. Nimekukera kuliko wote."

"Wewe umemkera kwa siku nyingi," akasema Shukurani, "mimi nimemkera pale penyewe, mara mbili mfululizo, na kosa la pili ndilo lililomfungua."

"Na mimi," akasema Mzee Chilewa, akikohoa kidogo, "nilimwona anakereka, nikaamrisha wito urudiwe. Nyinyi mlimkera kwa bahati mbaya. Mimi nilikusudia."

Bi Siwema akaokota mkasi wake. Akaangalia mbinguni, wingu jingine lilikuwa linajikusanya juu ya soko. Akamwangalia mama yake, akitumaini msaada.

"Usinitazame mimi," akasema Bibi Chausiku. "Nadhiri umeiweka mwenyewe, sikukutuma. Na mshono wa ile kola umepinda, nimeuona tangu juzi. Haya, wape jibu lao, mvua inakuja."

Nami nimefika nilipofika, wala msinitazame mimi pia. Mmoja atabaki chini ya bati, wawili watatoka na vyombo vyao mvuani, na mama mmoja atasema au hatasema tena. Aliyekata ngoma yupo, aliyekosea jibu yupo, aliyeomba kimya yupo.

Je, nani alistahili ile baraza?