Sultani Hamdani na Nchi Isiyo na Balaa

Alitawala Sultani Hamdani bin Shaibu katika mji wa Marfaa, na aliyeujenga mji huo alikuwa ama mlevi ama shujaa, maana upande wa juu uliegemea mlima utoao moto, na upande wa chini uliloweka miguu katika mto Lumwe, ambao kila masika ulipanda vitandani mwa watu bila kubisha hodi. Na watu walikaa humo humo, wakazaa, wakazeeka. Ukiwauliza mbona hawahami, wa mlimani walikujibu, "Tuhamie wapi? Bondeni kwa vyura?" na wa bondeni walikujibu, "Afadhali chura kuliko mkaa."

Watu wa mlimani na wa bondeni walikuwa watani, na utani wao ulikuwa na nguvu kuliko hukumu ya kadhi. Mlima ukitema majivu, wa bondeni walikuwa wa kwanza kufika, uji vichwani na matusi midomoni: "Mmejenga jikoni mwa ibilisi, kisha mnashangaa moshi! Haya kunyweni, nyie makaa." Mto ukifurika, wa mlimani walishuka na kamba, wakawatoa wenzao juu ya mapaa huku wakiwauliza kama wamekwisha kuota mapezi. Na mtu akifa, mtani ndiye aliyechimba kaburi, na mtani ndiye aliyevaa nguo ya marehemu matangani na kumwigiza sauti mpaka wafiwa wacheke, na wakisha kucheka walie sawasawa, na wakisha kulia tanga liondolewe. Kukasirika hakukuwa na ruhusa. Ah, mji ule! Watu walitukanana tangu alfajiri hadi magharibi na hakuna aliyelala na kinyongo. Siku hizi watu wanasalimiana kwa adabu tele, na jirani akifa wanaulizana alikuwa nani.

Ikatokea masika moja mto ukapanda usivyowahi kupanda, na kasri la Sultani lilikuwa bondeni, na maji yakavunja ukuta wa nyuma na kumchukua Bibi Mwanamkuu, mkewe Sultani, na walipomwopoa alikuwa hana roho.

Matangani akaja Shekue, mchoma chokaa wa mlimani, mtani wa nyumba ile, kijana mweupe kwa vumbi la chokaa hadi kope, na mdomo wake haukujua mlango. Akajifunika kanga ya marehemu, akalala kitandani pake, akapaza sauti nyembamba: "Nilimwambia Hamdani, bwana wee, tuhamie mlimani! Akasema moshi utamchafulia kilemba. Haya, kilemba kiko wapi? Kimekwenda na maji, na mimi nimekifuata!"

Watu wakaangua kicheko. Sultani hakucheka. Maana maneno hayo mkewe aliyasema kweli, tena mbele ya watu, na moyo wake ulikuwa ukimrudia nayo tangu maziko. Yeye aliyewahi kucheka kwenye matanga ya wenzake akasahau sheria ya mji wake, akasimama na kusema, "Mtoeni kafiri huyu! Na akakae kileleni, mdomoni mwa mlima anaousifu, na tangu leo atakayefanya utani katika ufalme wangu nitamkata ulimi." Na matanga yakavunjika pale pale, bila kuondolewa, na binti yake Zuwena, aliyekuwa ameanza kucheka, kicheko kikamkwama kooni na machozi yakakwama nyuma yake.

Sultani alikuwa na pete ya akiki aliyorithi kwa babu yake, na ndani yake jini aitwaye Sarhani, na amri zilizosalia katika pete zilikuwa mbili. Akaisugua, na jini akatoka kama moshi wa jiko la kuni mbichi, akasujudu.

"Nitafutie mahali palipo salama kuliko pote duniani, utuhamishie huko," akasema Sultani. "Nimempoteza mke. Sitampoteza mwana."

Jini akaenda, akarudi, akanena: "Ewe bwana wangu, nimezunguka na kuuliza. Nilifika jangwani, nikakuta mji umefukiwa na mchanga hadi madirishani, na wenyewe wako juu ya mapaa wanakunywa kahawa, wakaniambia, 'Hapa ndipo salama, hazami mtu.' Nikafika kisiwani, tufani imeng'oa minazi yote, wakaniambia, 'Hapa ndipo salama, sasa hakuna nazi ya kumwangukia mtu kichwani.' Nikafika nchi ambayo ardhi haitulii, wakaniambia, 'Hapa ndipo salama, watoto wetu wanabembelezwa bure.' Na wote, bwana wangu, waliposikia ninatoka Marfaa walishika mbavu, wakasema, 'Ah! Wale wanaokaa kati ya moto na maji? Maskini, Mungu awape akili.'"

"Sikukutuma mizaha!"

"Basi iko nchi moja, tambarare ya mawe meupe. Haina mlima, haina mto, upepo haupiti, radi haijui njia. Hapakai mtu."

"Tupeleke huko," akasema Sultani, na jini akalinyanyua kasri zima kiganjani, na watumishi na mazulia na birika zake, akalitua juu ya mawe meupe, na hata kikombe hakikumwagika.

Na kweli palikuwa salama. Halikutokea jambo lolote. Watumishi waliamkiana kwa heshima, wakala kwa heshima, wakapiga miayo kwa heshima. Zuwena akakaa dirishani na kanga ya mama yake ambayo haijafuliwa, akinusa humo tope la Lumwe. Chakula akakisukuma, kisha maneno nayo akayaacha, akakonda hadi bangili zikawa zinamdondoka mkononi. Sultani akaona dhahiri kwamba mwanawe anakufa, tena mahali ambapo hakuna kitu cha kumwua.

Akaisugua pete. "Mponye."

"Bwana wangu, hilo liko nje ya uwezo wangu. Mwana wako amebaki matangani."

Ndipo Zuwena, kwa sauti iliyokwisha kukauka, akasema, "Baba, niletee mtani wangu."

Sultani akaitazama pete. Amri ilikuwa moja, na ikisha, hakuna jini wa kuwazuilia balaa wala wa kuwarudisha. Akamtazama mwanawe. Akasema, "Mlete Shekue."

Shekue akaletwa na mkeka wake, na masizi ya kileleni usoni juu ya chokaa. Akazungusha macho. "Hapa ndipo salama? Mimi nimechoma chokaa maisha yangu yote, na kaburi lililopakwa chokaa nalijua nikiliona." Kisha akamwona Zuwena, na mzaha ukamwisha usoni kidogo, ukarudi. Akaichukua ile kanga mapajani mwake, akajifunika, akatoa sauti nyembamba: "Hamdani! Umebeba mazulia, umebeba hata birika lenye ufa, mimi umeniacha! Nimelala peke yangu, wa mlimani wananitania mchana kutwa, sina hata mtu wa kunijibia!"

Mkono wa Sultani ukaenda kwenye jambia. Zuwena akacheka. Kicheko kikatoka kama kikohozi, na nyuma yake yakatoka machozi aliyoyaweka tangu masika yale, akalia hadi akaishika sakafu, na katikati ya kulia akasema, "Baba, kila mwaka mama alisema tuhame. Na kila mwaka, ukisha kutaja kilemba, ulimwambia, haya, tuhame. Naye alijibu nini?"

Jambia likarudi alani. Sultani akasema taratibu, "Alijibu, 'Na kambale wangu wa mtoni nimwachie nani?'" Kisha naye akacheka, akalia, na tanga likaondolewa pale juu ya mawe. Na Zuwena akaomba chakula, akala wali hadi ukoko.

Pete ilikuwa tupu. Sultani akamwambia jini, "U huru. Sina tena amri juu yako."

Jini akajinyoosha. "Mimi nimekaa ndani ya pete hii tangu enzi za babu yako. Hakuna mafuriko humo, hakuna moto, hakuna tetemeko. Nisingemtakia hata mbwa. Pandeni, niwarudishe. Hii siyo amri, ni hiari yangu."

Wakarudi Marfaa. Amri ya ulimi ikafutwa, na dhahabu ya hazina ikajenga upya nyumba zote zilizobomolewa na mto. Shekue akaja kuposa.

"Nikupe binti yangu ukamkaange mlimani?" akasema Sultani.

"Afadhali kukaangwa, mtani, kuliko kuchemshwa."

Sultani akacheka hadi kilemba kikamwanguka, na kadhi akaitwa. Siku ya harusi mlima ukakohoa, majivu yakaanguka ndani ya pilau, na wa bondeni wakala, wakasema wa mlimani hatimaye wametoa zawadi. Na maharusi waligombana wakae juu au chini mpaka wakazeeka.

Marfaa haipo tena. Wengine wanasema moto, wengine maji. Wewe ukitaka mahali salama, usiulize habari za mlima wala mto. Uliza ni nani atakayefika mlangoni pako siku ya balaa akikutukana, na uji kichwani. Kama hayupo, basi hama. Nami hapa nimemaliza, na uji wangu umepoa.