Dalili ya Kucheka Peke Yako

Mko ndani?
Tumo.
Mlango je?
Umefungwa.
Basi sogeeni, ngano inapita dirishani.

Pimbi waliishi mlimani, kwenye mashimo ya mawe. Kila asubuhi waliota jua pamoja na kuitana. Mmoja alilia fyii, wengine wakajibu fyii. Asiyejibu alifuatwa shimoni kwake.

Ikaja homa. Fisi akajifanya mlinzi.

"Kila mmoja shimoni kwake. Msiitane, homa inasafiri na sauti. Ikiisha nitawaambia."

Homa ikaisha. Fisi hakusema. Aliyechoka akachungulia peke yake, kwap, hakurudi. Waliobaki wakadhani ni homa.

Pimbi mmoja alikuwa na mdogo wake, Sikujua, shimo la jirani. Siku ya kwanza alimsikia, kwaru, kwaru.

"Sikujua, unakwaruza nini?"

"Ukuta, dada. Umesogea tena."

Siku ya pili, kwaru, kwaru.

"Sikujua, umekula?"

"Nimesahau kula kunaanzaje."

Siku ya tatu hakukwaruza.

"Dada, kesho natoka. Hata nikiliwa, sawa tu."

Pimbi akawaza. Siku nyingi hakusikia kikohozi, alisikia kwap tu. Na nje, ti, ti, ti, Fisi alikuwa anapita.

"Shikamoo, mjomba Fisi."

"Marahaba. Nimekataza kusema."

"Nisamehe, mjomba. Nauliza dalili. Eti mgonjwa huanza kwa kucheka peke yake?"

Fisi akaona huyu mjinga kweli. Akacheka, hii-hii-hii. Kisha akatega sikio.

"Nani amecheka?"

"Wewe, mjomba. Uko na nani hapo?"

Fisi akageuka. Hakukuwa na mtu.

"Hucheka mara nyingi?"

"Kila siku," Fisi akanong'ona. "Tangu utotoni."

"Pole, mjomba. Ingia pangoni ujifungie. Ikiisha nitakuambia."

Fisi akaingia, akavuta jiwe, gru. Pimbi akalia fyii. Wakajibu fyii, fyii, wachache kuliko zamani. Shimo la Sikujua halikujibu.

Akamfuata. Alimkuta ameelekea ukutani. Hakumvuta. Alikaa naye, mgongo kwa mgongo, mpaka jua likawafika miguuni. Hapo ndipo sauti iliposikika, ndogo sana, "fyi."

Fisi bado yumo pangoni. Anacheka, kisha anasikiliza ni nani amecheka.

Funzo lake, wenzangu, kama angelisema Fisi: mwenzako akiwa kimya, mwache. Anapumzika tu.

Mko ndani?
Tumetoka.
Wote?
Ngoja tuitane.