Aliyebisha Wakati wa Kimbunga

Hapo zamani, Bwana alipokuwa amewatawanya wana wa Lebanoni hata visiwa vya mbali, walikuwapo mchuuzi Tannus na mkewe Warda katika mji wa Jacmel, huko Haiti. Waliishi nyuma ya duka la Azar, ami yake Tannus. Azar alitoa majora ya nguo. Tannus aliyabeba mgongoni, akapanda milimani kuuza, fimbo ya kupimia mkononi. Kila aliporudi alibisha kwa fimbo ile: mara mbili, kimya, mara moja. Ndipo Warda alipofungua.

Asubuhi moja jirani yao Ernestina akaonya, "Bahari inanuka vibaya leo. Mtu asiende mlimani."

Azar akacheka. "Tannus, mwanangu, kwani wewe ni chumvi? Utayeyuka?"

Tannus akaona haya, akaenda.

Adhuhuri kimbunga kikashuka kama hasira ya siku ya mwisho. Kibanda cha Ernestina kikapeperuka. Akakimbilia kwa Azar pamoja na watoto wake. Wakatia komeo mlangoni. Paa likalia. Warda akamkumbatia mwanawe mchanga, akaomba mpaka maneno yakamwisha.

Mara mlango ukabishwa. Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Warda akamkaza mwanawe kifuani.

Azar akainuka. Ernestina akajitupa juu ya komeo. "Mzee Azar, huo ni mti tu unaogonga! Ukifungua, upepo utaling'oa paa, watoto wangu watakufa!"

Azar akageuka. "Warda, binti yangu, ni yeye?"

Warda akawatazama watoto wa jirani. Akamtazama wake. Akaikumbuka safina: mlango wa Nuhu aliufunga Bwana mwenyewe. Huu waliufunga watu. Ukabishwa tena, kwa udhaifu zaidi. Akainamisha kichwa, asiseme neno.

Upepo ulipotulia, wakamkuta Tannus kizingitini, amekufa, fimbo mkononi. Ndani, watoto wote walikuwa hai.

Makaburini padre akasema, "Mwenye hatia ya damu hii na asimame nje ya lango, kama marehemu alivyosimama nje. Wengine na wamzike."

"Ni mimi niliyemtuma," akasema Azar, "tena kwa dhihaka."

"Ni mimi niliyezuia komeo lisifunguliwe," akalia Ernestina. "Lakini fimbo ile sikuijua, baba! Na ninao wanne!"

"Mimi niliijua," akanong'ona Warda.

Padre akangoja, mkono wake juu ya lango.

Enyi mnaosikiliza, ninyi nanyi mna milango, nanyi mna watoto: je, ni nani kati yao aliyestahili kusimama nje ya lango?