Pete Tatu za Kinu cha Upepo

Oya, kaeni chini. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, chagua moja. Haya, sikilizeni.

Kijiji kimoja kikavu huko Ugogoni kilikuwa na kinu cha upepo cha kuvuta maji, kirefu, kimelala miaka na miaka. Mafundi watatu wakasema watakiamsha, kila mmoja na pete yake, zile pete za chuma inazovalishwa shafti, yaani mhimili unaozunguka, ili isitembee ovyo. Ya Ndalu ilikuwa na skrubu inayouma shafti kama jino. Ya Sechelela ilipasuliwa upande mmoja. Ukikaza bolti inakumbatia, haichubui. Ya Mbeleje ilikuwa nusu mbili, unazikutanisha popote bila kufungua kitu.

Sechelela hakuwaza sifa. Pale kijijini, aliyeleta maji ndiye anayekipa kisima jina, na hakuna kunywa kabla jina halijatamkwa. Alitaka jina la mama yake, Matika, aliyefia njiani na ndoo kichwani.

Upepo ukaja. Mapanga yakazunguka taratibu, mpaka ukadhani ni mawingu yanayozungushwa. Mara shafti ikaanza kuchomoka.

"Inaanguka jamani!"

Breki ikavutwa. Ndalu akapanda mbio, akavalisha pete mwishoni, akakaza skrubu. Krrr! Ikang'ata. Kinu kikapona.

Ila giya zikawa zinapishana. Sechelela akapanda upande wa pili, akasogeza pete yake unywele kwa unywele, macho kafumba, anasikiliza tu, hadi meno yakakutana. Akakaza. Bomba likatoa maji, kikombe kimoja, yakakata.

Beringi ya katikati, ile inayobeba shafti, ilikuwa inahama. Pete nzima haifiki pale: huku inazuiwa na giya, kule na kovu la skrubu ya Ndalu. Kufungua vyote ni wiki, na upepo ulishaanza kuaga. Mbeleje akatoa nusu zake, akazifumba juu ya shafti kama mtu anayefunga kitabu.

Maji yakaja. Yakaja, yakaja, kama ndotoni.

"Kiitwe Ndalu!" Ndalu akapiga kelele. "Yule mwanamke aliyenikimbia anywe jina langu kila asubuhi!"

Watu wakacheka mpaka basi.

"Mke wangu anajifungua wiki hii," akasema Mbeleje. "Kiitwe jina la mtoto."

"Mtoto mwenyewe hajafika, kaka," akasema Sechelela.

"Na mama yako ameshaondoka, dada."

Sechelela akashika spana mfukoni. Angelegeza bolti yake moja tu, wote wangejua yeye ni nani. Lakini Ndalu naye angeweza. Mbeleje naye. Pete yoyote ikitoka, maji yanakufa.

Akaiachia spana.

Ndoo zimejaa pomoni. Bibi mmoja analamba midomo yake mikavu, anasubiri jina. Mafundi wameshindwana, wanakugeukia wewe hapo ulipokaa.

Je, ungetamka jina la nani?