Upepo wa Guta la Tajiri Kapufi

Tajiri Kapufi alimwamuru Nyamizi, dereva wa guta lake la matairi matatu la kubebea mayai, ajaze upepo mpaka matairi yawe magumu kama jiwe.

"Tairi laini linakula mafuta! Na likipasuka hata yai moja, huna kazi!"

"Sawa, tajiri. Basi panda nyuma uyalinde mayai mwenyewe."

Akapanda, akashikilia turubai lililofunika trei. Barabara ya makorongo ikamrusha kama bisi kwenye sufuria.

"Simama, binti! Kiuno changu! Toa upepo!"

Nyamizi akatoa kidogo, wakaenda. Akatoa tena, mpaka tajiri akatulia.

"Hapo hapo! Usiongeze, usipunguze!"

"Asante, tajiri. Sasa turudi tukapakie mayai."

"Na haya je?"

"Hizo trei tupu. Yai la kupimia upepo ulikuwa wewe."