Turubai la Gari Jeusi

Tajiri Lugendo alinunua gari jeusi, na tangu siku hiyo jua la Tabora likawa adui yake binafsi. Alikwenda kwa Nyamizi, mama lishe aliyepanga kwenye kiwanja chake, akaelekeza kidole juu, kwenye turubai lililowakinga wateja na jua.

"Hilo turubai nalitaka. Rangi ya gari langu itapauka."

"Na wateja wangu, tajiri?"

"Wao hawapauki."

"Kweli, gari ndilo lenye ngozi laini," alisema Nyamizi. "Nitakufungia mwenyewe, mbele ya mlango wako. Na viti nitaleta, walinzi wa rangi wasichoke."

Lugendo alipendezwa na adabu hiyo, akaingia ndani kulala.

Aliamshwa na vilio. Chini ya turubai mtaa mzima ulikuwa umekaa kuzunguka gari. Wanawake walijifunga khanga, wanaume waliulizana kaburi linachimbwa wapi, na sururu zao wameziegemeza kwenye milango ya gari.

"Nani kafa?" alifoka Lugendo.

"Tulidhani wewe," alijibu jirani, kwa masikitiko kidogo. "Tumeona turubai na viti mlangoni kwako. Wengine wanakuja na kuni."

Lugendo alilifungua turubai kwa mikono yake, akalibeba mbio hadi kwa Nyamizi.

"Na rangi, tajiri?"

"Ipauke!"